Maembe ya Nyuma ya Kayaba

Mama yangu huniita maitu. Kwa Kikuyu ni kusema "mama yangu", na kwetu si ajabu, maana binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Tangu nizaliwe nimekuwa mama wa mama yangu. Dada yangu mkubwa alipewa jina la upande wa baba, kwa hivyo yeye huitwa kwa jina tu, kama mtu mwingine yeyote. Utotoni tuligombania kila kitu, kuanzia sweta hadi paja la kuku, lakini hilo neno lilikuwa langu peke yangu na sikuwahi kumgawia mtu. Nimeanza hapa ili ijulikane mapema kwamba wivu wangu si wa jana.

Mama alihamia kwangu Kitengela mwezi wa Januari, baada ya kumzika baba. Nilimfuata mwenyewe Murang'a. Dada alitaka akae naye Nkoroi, tukavutana kwa simu wiki nzima, nikashinda. Nilimpa chumba kinachopata jua la asubuhi, godoro jipya na televisheni yake mwenyewe, kisha nikamwambia maneno ambayo niliyaona ni ya heshima: "Mum, umefanya kazi ya kutosha. Hapa usiguse kitu. Umekuja kupumzika." Nilimnyang'anya ufagio mara mbili, na mara ya pili niliuficha nyuma ya friji.

Siku ya tano au ya sita nilirudi nyumbani nikakuta amekatakata maembe, akayapanga kwenye trei yangu ya chai na kuiweka dirishani sebuleni, jua linapopiga. Nzi walikuwa wameitisha mkutano hapo. Kina mama wa kanisa walikuwa njiani kuja kumpa pole, na mimi sebule yangu ni sebule, ina vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Niliyachukua yale maembe na gazeti lililotandikwa chini yake nikayatupa kwenye pipa, nikafuta dirisha kwa sabuni, nikamkumbusha tena kwamba amekuja kupumzika. Alikwenda kujifunga kitambaa kichwani, akaketi kungoja wageni.

Mimi ni karani wa shule mjini Kajiado. Natoka kabla jua halijachomoza na kurudi likikaribia kuzama, kwa hivyo mchana wa mama sikuujua. Nilichojua ni kwamba kufikia mwisho wa mwezi alikuwa ameacha kula. Nilimpikia mukimo, nikampikia njahi na ndizi, nikampikia supu ya mifupa iliyochemka tangu jioni ya jana yake. Anagusa kidogo, anasukuma sahani. "Nimeshiba, maitu." Ameshiba nini? Nilianza kuhesabu mashimo kwenye mkanda wa saa yake. Dada alikuwa akipiga simu kila Jumapili kuuliza kama mama anakula, na kila Jumapili nilidanganya kwamba anakula vizuri sana, maana ningesema ukweli angekuja kumchukua siku hiyo hiyo.

Jioni moja nikamkuta kitandani anatafuna.

"Unakula nini?"

"Maembe."

Mkononi alikuwa na kimfuko cha nailoni, na ndani yake vipande vyembamba, rangi ya chungwa iliyokolea, vikavu kabisa.

"Umetoa wapi?"

"Hapo nyuma. Kwa mwenye mbuzi."

Nyuma ya nyumba yetu kuna ua wa kayaba, na nyuma ya kayaba anakaa jirani yetu, mwanamke Mmaasai wa umri wangu anayefanya biashara ya mbuzi. Siku za soko anadamkia Bisil, na mchana huwa amerudi. Ana nyumba ya mabati ya chumba kimoja na jiko la nje, na kicheko ambacho hakihitaji simu kufika Athi River. Tulikuwa tunasalimiana tu. Alimzika mama yake mwaka uliotangulia, na nilikwenda kwenye hema la matanga nikakaa kiti cha nyuma kama nusu saa hivi, kisha nikarudi kukunja nguo.

Mama alinipa kipande. Niseme ukweli, kilikuwa kitamu. Mwanzoni kinakugomea, halafu kinalainika, utamu unakuja polepole, na nyuma ya utamu kuna ndimu na chumvi kwa mbali. Nilikitafuna huku roho ikiniuma kila nikimeza.

"Si mbaya," nikasema.

"Si mbaya?" Mama alinitazama kama aliyesikia mtu akitukana kanisani. Alifunga kimfuko chake akakiweka chini ya mto.

Basi hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mama yangu anakula, ila hali kwangu. Ningeweza kufurahi kwamba anakula. Mtu mwenye roho nzuri angefurahi. Mimi nililala nikiwaza vile vidole vya mwenye mbuzi vinavyokata maembe, nikaona kwamba hata vidole vyake sivipendi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nikianua nguo nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya kayaba: "Yeyo, takwenya!"

Na kutoka dirishani mwangu, mama akajibu kama aliyezaliwa Bisil: "Iko!"

Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Takwenya ni salamu ya kumpa mwanamke, na iko ni jibu lake. Mama yangu, ambaye wajukuu wake wamejaribu miaka mingi kumfundisha kusema "poa" akakataa katakata, sasa alikuwa anaitikia Kimaasai dirishani, tena kwa tabasamu. Nilitia nguo kwenye beseni pamoja na vibanio vyake nikaingia ndani.

Nikaamua nitakausha maembe mimi mwenyewe, na yatakuwa bora kuliko yale.

Nilinunua maembe ya ile aina ya apple kwa wale wanaouza kando ya barabara ya Namanga, makubwa na mekundu mashavuni, yaliyoiva mpaka yakanukia gari zima. Nilikata vipande vinene, kwa sababu sikutaka mama aone nabana. Vya kwanza nilivianika juu ya ukuta wa mbele. Ukuta wetu uko kando ya njia ya malori yanayobeba mawe kutoka machimboni. Nimeishi hapa miaka tisa, nafuta vumbi la mawe kwenye viatu kila siku iendayo kwa Mungu, na bado siku hiyo nilisahau kwamba vumbi lipo. Jioni nilimpelekea mama sahani. Akatafuna mara moja, meno yakalia kwa mchanga.

"Maitu, haya ni maembe ama ni kokoto?"

Hapo ndipo nikafikiria gari. Mume wangu ana gari kuukuu ambalo wikendi hushinda limeegeshwa juani, na kila mtu wa Kitengela anajua gari lililofungwa vioo mwezi wa Februari ni tanuri. Hakuna vumbi, hakuna nzi. Nilitandika shuka safi kiti cha nyuma, nikapanga vipande mpaka kwenye dashibodi, nikaacha kioo wazi upana wa kidole ili mvuke utoke. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Mume wangu alikwenda kanisani kwa bodaboda, amevaa suti, bila kuuliza swali, maana alikuwa ameuona uso wangu.

Yalikauka vizuri, wallahi. Niliweka kwenye bakuli la kioo, nikafunika kitambaa, nikabisha mlango wa mama kama mhudumu wa hoteli. Alichukua kipande, akanusa, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Inanuka teksi," akasema.

Nilionja. Lahaula. Kwenye kioo cha mbele cha lile gari kunaning'inia kile kikaratasi cha manukato, harufu ya vanila, na mume wangu huwa anaongeza kingine kabla cha kwanza hakijaisha. Joto lilikuwa limekikamua chote kikaingia kwenye maembe. Ladha yake ilikuwa ya kiti cha abiria. Mume wangu alikula bakuli zima wiki ile, kimya kimya, na hilo nitamkumbukia.

Mama alicheka. Huo ndio mwiba ulioingia. Alikuwa hajacheka kwangu tangu aje, na alipocheka kwa mara ya kwanza alikuwa akinicheka mimi, halafu akaingiza mkono chini ya mto akatoa kimfuko chake.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuchungulia. Sioni fahari kusema, lakini nilichungulia. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nasimama kwenye kayaba, miiba inanichoma mikono, natafuta kuona huyu mwanamke ana nini ambacho mimi sina. Nikaona neti ya mbu imetandazwa kwenye fremu ya kitanda kibovu, fremu imeegemea mawe manne, neti nyingine juu. Hakuna mashine wala nini. Nilichukia zaidi. Angekuwa na mashine ningejua ni mashine.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zinanukia lakini hazijafika, shule ilifungwa saa sita. Nilifika nyumbani saa nane hivi. Chumba cha mama kilikuwa kitupu, televisheni imezimwa. Kigoda chake, kile alichokuja nacho kutoka Murang'a, hakikuwepo. Nikasikia kicheko nyuma ya kayaba. Vicheko viwili.

Nikachungulia mahali pangu pa kila siku. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, sweta amevua, mikono ya nguo ameikunja juu ya viwiko, kisu mkononi. Maembe yalikuwa kwenye karai lililo mbele yake, na alikuwa akiyakata haraka haraka bila kutazama, kama alivyokuwa akimenya viazi zamani. Jirani alikuwa amepiga magoti chini, anachovya vipande kwenye maji ya ndimu na kuvipanga kwenye neti.

"Yasishikane," mama alikuwa akisema. "Likiiva sana kula, usikaushe. La kukausha ni lile ukilibonyeza bado linakukatalia kidogo."

"Na nikitundika kwa kamba, yeyo? Sisi nyama tunakata ndefu, tunatundika."

"Jaribu tuone."

Mama yangu huyo. Mimi nilipompendekezea blenda alinuna siku mbili.

Nilielewa polepole, nikiwa nimeshika tawi la kayaba. Si jirani aliyekuwa akimpa mama maembe. Mama ndiye aliyekuwa akiyakausha. Kila siku, mimi nikidhani amepumzika, alikuwa akibeba kigoda chake, anazunguka kwa geti, anakwenda kazini. Nikajiambia, sawa, basi ni mikono ya mama niliyokuwa nikiila, hakuna ubaya. Nadhani ningerudi ndani nikanywa chai yangu. Lakini jirani alipanga vipande vibaya, na mama akamgonga kidole kwa mpini wa kisu, taratibu, kwa mchezo.

"Vyembamba, maitu," akamwambia. "Nimekwambia vyembamba."

Sijui nilifikaje kule. Najua nilizunguka kwa geti nikiwa na viatu vya kazini, na kwamba jirani aliniona akatabasamu, akafungua mdomo kunisalimia. Sikumpa nafasi.

"Kwani wewe huna mama yako?" nikamwuliza.

Mbuzi mmoja alikohoa. Jirani alibaki na kipande cha embe mkononi, maji yanadondoka. Nilijua jibu. Nilikaa kwenye lile hema. Nililiona jeneza.

"Sina," akasema. "Si ulikuja matanga." Kisha akainama akaendelea kupanga vipande, kimoja kimoja.

Mama hakusimama. Aliweka kisu kwenye karai.

"Mwombe msamaha."

"Umemwita maitu."

"Nimemwita."

"Hilo ni langu, mum. Hata dada hujawahi kumwita hivyo."

"Mama yangu," mama akasema, na sasa alikuwa akisema juu ya nyanya, yule aliyenipa jina, "alikuwa mtu wa kukaa na mimi chini tukifanya kazi. Mpaka wiki aliyokufa alikuwa akinipa kitu nimenye. Wewe umenipa televisheni." Alijipangusa mikono kwenye sketi. "Kwako nilikata embe tatu. Ukatupa na gazeti lake. Nikasema sawa, hapa mimi ni mgeni, na mgeni hukaa kwenye kiti. Nimekaa, maitu. Nimekaa mpaka nikakosa hamu ya kula. Huyu alinikuta hapo kwenye geti nimesimama tu, akaniuliza, yeyo, unajua kukata maembe?"

Bado nilikuwa na hasira, tena ya kuchemka, lakini haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu. Nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Pole," nikamwambia jirani. "Yale niliyosema si ya kusemwa."

"Uliniumiza," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini nimesikia."

Hatukupata muda wa zaidi ya hapo, kwa sababu upepo uligeuka. Anayeishi huku anaujua ule upepo. Vumbi linasimama wima, halafu linanuka maji. Kuelekea Isinya kulikuwa kumekuwa kweusi. Matone ya kwanza yaligonga mabati ya jirani, na mama akaruka kutoka kwenye kigoda kama msichana.

"Maembe!"

Fremu ya kitanda haingepita kwenye mlango wa jirani, na paa lake lilikuwa na tundu ambalo alikuwa akingojea fundi. Kulikuwa na maembe ya siku tatu yaliyobakiza jua la nusu siku tu. Yakipata maji wakati ule, kesho ni ukungu.

"Leteni kwangu," nikasema.

Tulibeba ile fremu sisi wawili, mimi na jirani, yeye mbele mimi nyuma, miiba ya kayaba ikitukwaruza getini. Mama alifuata na karai kichwani. Mlango wangu ni mpana. Tuliingia na tope, na neti, na kinyesi cha mbuzi kilichoganda kwenye viatu vya mtu, sitasema nani. Tukasimama katikati ya sebule mvua ikipiga paa, tukihema.

Mama alitazama viti. Alitazama vitambaa vya kufuma, na dirisha ambalo nililifuta kwa sabuni. Kisha akanigeukia, na sauti aliyotumia ilikuwa ile anayotumia kwa watu wa benki.

"Tunaomba kuweka hapa," akasema, "kama haitakuharibia."

Tunaomba. Saa ile ile alikuwa akipiga kelele kwa jirani, leta hiki, sogeza kile, mikono kiunoni, mwenye nyumba. Kwangu alikuwa anaomba.

Niliondoa vitambaa. Vyote, mpaka kile cha juu ya televisheni, nikavirundika kwenye kona. Tukaweka fremu juu ya viti viwili vilivyotazamana na kufungua madirisha ya upande usio na mvua ili hewa ipite. Vipande vilivyobaki tulivipanga kwenye trei ya chai. Jirani alinionyesha kukunja kipande: kikikunjika bila kutoa maji na bila kukatika, kiko tayari. Akanieleza pia kuhusu chupa yake ya kioo, ambayo huwekwa maembe yakishapoa tu, na hutikiswa kila siku kwa wiki moja. Chupa ikitoa jasho ndani, yanarudi juani.

"Nani alikufundisha?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Yeyo," akasema, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu nimtukane.

Nilivua viatu, nikakaa chini kwenye zulia langu, nikaanza kukata. Mama alipita na kutazama vipande vyangu. Akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha.

"Vinene," akasema. Akaviangalia vya jirani, akatikisa kichwa kukubali, akaelekea jikoni. Mtu huwa anatamani jambo kama hili likiisha wivu nao uishe. Haukuisha. Niliviangalia vipande vya huyo mwanamke, vyembamba, sawasawa, nikaviona vinaringa.

Mvua iliendelea. Mume wangu alirudi akasimama mlangoni ameloa, akaiona sebule, akavua viatu na kuvishika mkononi. Kutoka jikoni tulisikia mama akifungua droo zangu moja baada ya nyingine bila kuomba ruhusa, vijiko vinalia, sufuria inaanguka, na mlango wa friji unasukumwa. Alipotokeza mlangoni alikuwa na ufagio mkononi, ule niliouficha, ameupata nyuma ya friji. Akarudi ndani. Nyumba ilinukia ndimu.

"Maitu!" akaita. "Niletee hicho kisu!"

Tuliitika wote wawili.

Tukatazamana, mimi na jirani. Kisu kilikuwa kati yetu, kwenye ukingo wa karai, na upande wake kilikuwa karibu zaidi, shubiri moja hivi. Nilikitwaa na kukimbia nacho jikoni, soksi zikiteleza kwenye vigae.